Spika Uliyoikata kwa Wembe

Kumbukumbu ya Gracien Zihalirwa, wa Bagira

Mwaka umetimia, Gracien, tangu ulipopanda lori la Bunyakiri asubuhi, na jioni ukarudishwa nyumbani na watu usiowajua.

Nyumba ya Bagira haijazoea. Umeme ukirudi, watoto wa mtaa wanapiga kelele ile ile, "Moto! Moto imekuja!", na maman yako Eulalie anaacha alichoshika na kutazama rafu ya sufuria. Ulipokuwapo, umeme ulikuwa haujakaa sawa, nawe umeshagusa ule uzi mnene wa gitaa lako, na vifuniko vya sufuria vikaanza kutetemeka vyenyewe, kwanza kimoja, halafu vyote. Ndivyo alivyojua kwamba umefika, kwamba u mzima, kwamba bugali ya jioni ina mlaji. Sasa anatazama rafu. Vifuniko vimetulia. Anarudi kwenye mboga zake.

Tunakuandikia mbele ya watu kwa sababu ulikuwa mtu wa watu. Tena kuna jambo limetokea katika majuma haya ya kujiandaa na misa yako, na kama ungekuwapo ungekuwa wa kwanza kuuliza. Tunakueleza bila kulipamba.

Ulikuwa fundi umeme. Nyumba nyingi za Bagira zinawaka kwa nyaya ulizozivuta wewe, na hata Kavumu, katika maduka ya kando ya njia ya Goma, wapo wanaowasha taa zako kila jioni na hawalijui jina lako. Ukiitwa na mjane hukungoja aanze kujieleza. Ulipanda darini, ukashuka, ukanawa mikono, ukaenda zako. Ulivua viatu mlangoni hata siku ambazo matope yalikuwa yameshaingia ndani kabla yako. Ulikula umesimama, macho yako kwenye waya fulani. Skrubu zako ndogo uliziweka katika bakuli la sukari, na hakuna mgeni wa kwetu ambaye hajawahi kutafuna chuma ndani ya chai.

Jioni ulikuwa mtu wa Mabati. Jina hilo mlijipa wenyewe, wewe na Déogratias na Maombi, kwa kuwa huku kwetu ni mvua tu juu ya mabati iliyokuwa na nguvu ya kuwazidi. Muziki wenu ulikuwa metal, ule wa magitaa yanayonguruma, na mtaani hakuna aliyekuwa ameusikia kabla yenu. Déogratias alipiga mapipa aliyoyawamba kwa zile picha nyeusi za mifupa ambazo hospitali hutupa; tulizoea kuona mbavu za watu tusiowajua zikipigwa kwa fimbo. Maombi, ambaye asubuhi hufundisha watoto wadogo kuhesabu kwa vidole, jioni aliimba kwa sauti iliyotoka chini ya sakafu.

Makondakta wa mabasi walikuwa wakisimama mbele ya ua kwa makusudi.

"Eh, Mabati! Muko nachinja nani humo ndani?"

"Hatuyamumaliza bado," Maombi aliwajibu juu ya ukuta. "Mupite kesho!"

Wewe ulicheka mpaka ukashindwa kupiga. Kicheko chako kilikuwa kidogo kuliko muziki wako, na watu wengi hawakukijua. Walilijua sanduku lako la sauti tu, na kelele yake. Katika matanga yako wapo waliokunywa chai yetu na kusema chini chini kwamba muziki ule ndio uliokuita. Tuliwasikia. Mwaka mzima hatukuwajibu, na leo hatuwajibu, tunawaambia tu kwamba tuliwasikia.

Vyombo vyako vyote vilitoka mikononi mwako. Gitaa ulilichonga kwa ubao wa mti wa libuyu uliobaki kwenye ujenzi. Nyuzi ulizitoa katika kamba za breki za baiskeli, ukizinyoosha moja moja kwenye mlango. Sumaku ya kuchukua sauti uliizungushia uzi wa shaba wa mota iliyoungua, na ulipoizungusha hukutaka mtu akusemeshe. Na ampli, lile sanduku la kukuza sauti ambalo watoto waliliita jumba, ulilijenga kwa mbao za kitanda ulicholalia ukiwa mdogo. Mbele ulilifunika kwa kikwembe, kitenge cha zamani cha maman yako, kile cha ndege wa kijani. Ndani uliweka zile taa za kioo za redio ya marehemu baba yako Philémon, ambayo alikuwa akiisikiliza kwa habari za saa moja huku ametunyamazisha wote. Redio yenyewe ilikuwa imekwisha kufa, lakini taa zake zilikuwa hai bado. Ukiziwasha zilichukua muda kupata joto, zikawa nyekundu polepole, na maman yako alisema kwamba hata akiwa ampli, Philémon hataki kuharakishwa.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hawakukijua, na hapo ndipo uchungu wetu wa sasa unapoanzia.

Spika uliyoipata ilikuwa nzima. Uliitafuta muda mrefu, ukaifunga, ukapiga, na uso wako ukaanguka.

"Iko naimba kama redio ya misa," ulisema.

Bendi za huko mbali zina vikasha vya dukani vya kukwaruza sauti. Ninyi hamkuwa navyo na hamkuona njia ya kuvipata. Basi Jumapili moja baada ya kanisa ulimketisha maman yako uani, ukamlazia ile spika magotini kama mtoto anayechanjwa, ukatoa wembe.

"Maman, shika nguvu. Usitikisike."

"Mawe! Gracien, unapasua kitu umetafuta mwaka muzima?"

"Sipasue. Niko naifungua kinywa."

"Na kama umekata sana?"

"Basi tutalia wote watatu, miye na weye na spika."

Ulikata kidogo pembeni mwa ile karatasi nyeusi, ukairudisha ndani ya sanduku, ukapiga, ukainamisha kichwa, ukaitoa tena. Ukakata tena kidogo. Mahali wembe ulipokwenda mbali, uliziba kwa gundi na karatasi ya sigara, ukangoja ikauke, ukaanza upya. Maman yako aliketi pale mchana mzima na miguu ikamfa ganzi, na hakuinuka. Jua lilipokuwa limeshuka nyuma ya nyumba ulipiga uzi mnene, na kilichotoka hakikuwa gitaa tena. Kilikuwa kama turubai gumu linalopasuliwa na kupasuliwa bila kufika mwisho. Siku hiyo vifuniko vya sufuria vilicheza kwa mara ya kwanza. Maman yako alicheka, akashika mlango ili asianguke.

"Sasa hii," alisema, "hii iko naongea."

Hakukwambia kamwe kwamba anaupenda muziki ule. Majirani wakilalamika, yeye naye alilalamika pamoja nao. Lakini ulipoanza kupiga alisogeza kigoda chake mpaka ukutani, akachambua majani ya sombe huku mgongo wake umegusa tofali. Ulidhani hatukuona. Tuliona.

Déogratias alijaribu mara nyingi kukurekodi kwa simu. Katika simu yote ni mchanga unaomwagwa kwenye karai. Kwa hiyo sauti yako ilikaa mahali pamoja tu duniani: ndani ya sanduku lile, katika makovu ya karatasi ile. Tungalilijua hilo mapema, tungalililinda kama watu wanavyolinda mtoto.

Kisha ukaenda Bunyakiri. Uliambiwa kwamba kuna mashine ya zamani ya mawasiliano imetupwa nyuma ya ghala, na ndani yake kuna transfo nzito, ya kugeuza nguvu ya umeme, iliyo nzima. Ulitaka kumjengea Maombi ampli yake, ya besi. Uliipata. Lori liliteleza kwenye mlima wakati wa kurudi. Wale waliokuleta walituletea pia transfo, umeifunga katika koti lako, na haikuwa na hata mkwaruzo. Iko chini ya meza mpaka leo. Hakuna anayeweza kuitazama, na hakuna anayeweza kuitupa.

Siku ya kuondoa matanga, wakubwa wa upande wa baba waligawa vitu vyako kama ilivyo desturi. Kwa kuwa Philémon alikutangulia, aliyesimama mahali pake ni mdogo wake, tonton yako Adalbert, kiongozi wa kwaya. Wanaume walikaa kwenye viti. Wanawake walikaa kwenye mkeka, na kwenye mkeka siku hiyo watu hawasemi. Maman yako alikaa katikati ya mkeka. Koleo zako zilikwenda huku, viatu vyako vikaenda kule. Gitaa hakuna aliyelitaka. Mmoja alisema ni ubao wa kukatia nyama, wengine wakacheka. Maombi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kuwa si wa ukoo, aliliomba, na akapewa.

Tonton Adalbert aliweka mkono juu ya ampli.

"Hii itaenda ku chorale," alisema. "Itatumikia Mungu."

Maman yako alitazama ule mkono juu ya kikwembe chake cha ndege wa kijani. Baadaye jikoni alijipa moyo mwenyewe. "Ni muzuri tu. Kama iko ku kanisa, nitaisikia kila Dimanche."

Lakini Jumapili zilipita, na kwaya iliimba kwa kinanda chake kile kile. Alipomuuliza shemeji yake, Adalbert alitabasamu kama mtu anayeficha zawadi mgongoni.

"Vumilia, mulamu. Niko naitayarisha."

Basi akavumilia. Na misa ya mwaka ilipokaribia, aliomba kitu kimoja. Hakuomba mbuzi wala turubai la kukodi. Aliomba kwamba baada ya misa Mabati wapige hapa uani, kwenye ampli yako, ule wimbo wako usio na maneno unaoanza kwa uzi mnene. Mara moja tu. Maombi alikuwa amejifunza vidole vyako miezi mingi, peke yake, mpaka ncha zake zikaota sugu.

"Sitaki kulia," maman yako aliwaambia. "Nilikwisha lia. Nataka kumusikia."

Jumamosi moja mchana tonton Adalbert alikuja, na nyuma yake mbeba mizigo mwenye sanduku kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe cha kanisa. Akaliweka katikati ya ua, akatuita wote, akaingoja Mabati nayo ifike. Ndipo akavuta kitambaa.

Mbao za kitanda chako ziling'aa kwa vanishi. Magurudumu manne yalikuwa yamefungwa chini. Mbele hapakuwa na kikwembe tena, palikuwa na wavu mweusi wa chuma, kama zile za dukani.

"Mulamu, angalia," alisema Adalbert. "Miaka yote mutoto alikuwa anapigia ku spika ya kupasuka, na miye tonton yake sikujua. Nilifungua hii kitu, nikakuta karatasi yote imechanika, ingine ameibandika na karatasi ya sigara. Mutoto wa kaka yangu! Nililia pale kwa fundi kama mwanamuke. Nikasema, hata kama amekwisha kufa, nitamutengenezea."

Maombi alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Tonton," Déogratias aliuliza polepole, "na ile mataa ya ndani?"

"Ile ya redio ya zamani? Fundi alisema ilikuwa ya kuharibika tu. Ameweka mashini mupya, ya siku hizi. Haingoje kupata moto. Unabonyeza, inaimba!"

Alibonyeza yeye mwenyewe, kwa furaha, kidole kimoja.

Maombi akaunganisha gitaa lako. Maman yako aliingia ndani, akasimama karibu na rafu, mkono mmoja umegusa ubao. Maombi akapiga uzi mnene.

Ilikuwa sauti nzuri, Gracien. Hatutasema uongo. Ilikuwa safi, ya mviringo, tamu, kama maji yanayomiminwa katika glasi. Kila noti tulijua inapoanzia na inapoishia. Maombi akazungusha kitufe mpaka mwisho, na utamu ukaongezeka. Vifuniko havikutikisika. Maman yako alipeleka kidole chake, akakigusa kimoja, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Na majirani wakaja. Hili ndilo linalotuchoma zaidi. Walewale waliokuwa wakifunga madirisha walikuja wakaegemea ukuta, wakapiga makofi.

"Aaa! Leo munapiga muziki ya batu!"

"Kama Gracien alikuwa na hii, angefika mbali."

"Mungeanza na hii tangu zamani, tungewaita ku mandoa!"

Tonton Adalbert alikuwa akifuta macho na kuwaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Maombi aliacha katikati ya wimbo, akachomoa waya. Alituambia kwamba anaumwa kichwa.

Jumatatu maman yako alishuka kwa miguu mpaka kwa fundi. Anaitwa Benoît, ni mtu mpole, na kibanda chake kimejaa spika zilizopangwa kama sahani.

"Natafuta spika ya mutoto wangu," alimwambia. "Ile ya kukatwa."

"Maman, ile ilikuwa imekufa."

"Haikukufa. Ni miye niliishika magotini wakati anaikata."

Benoît aliweka chini bisibisi.

"Alikata kwa kupenda?"

"Kwa kupenda. Mchana muzima."

"Maman… miye nilidhani ni panya." Alikuna shingo. "Karatasi nilichoma na takataka. Sumaku iko mu ingine ya mutu wa Kavumu. Na ile mataa, watoto walichezea, ikavunjika. Papa Adalbert alisema niweke yote mupya, alisema nisihurumie kitu."

Maman yako alimshukuru. Benoît alimtolea kiti, naye hakukaa. Alipanda kilima chote cha Bagira bila kusimama, na aliporudi alikata vitunguu mpaka vikazidi mboga.

Déogratias alisema tuikate hii mpya. Maombi akaja na wembe, wakafungua wavu, wakaitazama. Ilikuwa ngumu, inang'aa, kama ndoo. Maombi aliushika wembe juu yake kwa muda mrefu, halafu akauweka chini.

"Tulimuona akikata," alisema. "Hatukumuona akisikia."

Habari ya kwamba ulikata kwa makusudi ilimfikia tonton Adalbert kwa mdomo wa fundi. Alikuja siku ile ile, bila koti, bila kubisha hodi. Maman yako alikuwa anamimina chai.

"Mulamu! Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Siku ile nilikuwa ku mukeka. Ku mukeka batu habasemi."

"Na kisha? Mwaka muzima?"

"Kisha nilikuuliza, ukacheka, ukaniambia nivumilie. Nilivumilia."

"Miye nilifanya kwa mapendo!" Alijipiga kifua. "Mungu anaona, mulamu, nilifanya kwa mapendo!"

"Najua. Ndiyo maana sina mutu wa kukasirikia."

Alikuta wembe wa Maombi juu ya meza, akauchukua. Aliushika kwa ile mikono yake mikubwa ya kuongoza kwaya, uliyoijua. "Unionyeshe. Nitaikata miye mwenyewe. Unionyeshe alipitisha wapi."

Maman yako alimwondolea wembe kwa upole, kidole kwa kidole, kama anavyowanyang'anya watoto.

"Acha, mulamu. Hiyo iko nzima, ibaki nzima." Kisha akasema maneno ambayo mwaka mzima hakuyasema, na tunayaandika kama alivyoyasema. "Nilimuzika bwana yangu, niliona. Nilimuzika mutoto wangu, niliona. Sauti yake ndiyo mulizika bila kuniita."

Tonton Adalbert alikaa. Chai iliwekwa mbele yake ikapoa. Yeye ambaye hajawahi kukosa neno la kufungia sala alikaa pale kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba. Alitaka kujua ulivyokuwa unapiga. Aliuliza hivyo, kwa sauti ndogo: ilikuwa namna gani? Mwaka baada ya mwaka mliishi karibu hivi, na hakuwahi kuja kukusikiliza hata jioni moja. Tulijaribu kumweleza. Déogratias alijaribu kwa mdomo, grrr, akashindwa, akaona haya. Maman yako alisema, "Ilikuwa kama kitu kinapasuka na hakiishe." Hayo maneno hayakuwa wewe.

Basi, Gracien, hivi ndivyo itakavyokuwa. Misa yako itasomwa Jumamosi asubuhi hapa Bagira, katika parokia yetu, na baada yake nyumba iko wazi kwa wote. Kutakuwa na chai na maandazi. Muziki hautapigwa. Ampli imekwenda kwenye kwaya kama ilivyoamuliwa siku ile, na tunasikia kwamba wanaipenda sana. Na iwape furaha, hatuna neno. Wale walioombea kelele zako ziishe, ombi lao limesikiwa; nao wanakaribishwa, waje wakae nasi ndani ya kimya hicho, waone kama kinawatosha.

Tulipokuwa tukiyaandika haya, dada yako Lucie alisema kwamba mambo ya ukoo hayaanikwi. Tukampelekea tonton Adalbert ili aamue, kwa kuwa jambo linamgusa yeye. Aliisoma karatasi yote amesimama, akarudia mwanzo, akaisoma tena.

"Muandike yote," alisema. "Musifute hata kitu."

Kwa desturi jina la mkubwa wa ukoo ndilo linalotangulia. Yeye ameomba neno moja tu juu ya hilo, nasi tumelifuata.

Wanaokukumbuka ni hawa: maman yako Eulalie, aliyekushikia, dada yako Lucie na mume wake Patrice, mdogo wako Merveille, wajomba zako wa Kavumu na mama zako wadogo wote, Déogratias na Maombi, ambao desturi haiwahesabu, lakini maman yako amesema waandikwe ndani ya ukoo, na wa mwisho kabisa, nyuma ya watoto, nyuma ya wasio wa damu, tonton yako Adalbert, anayekuomba radhi kwa kukutengeneza.

Kukukumbuka, Gracien, hatutachoka siku zote tutakazopewa.